Changu Wadogo wa Kawangware

Niliondoka Kawangware 56, hapa Nairobi, nikiwa na hasira. Miaka sita nimekaanga samaki wa baharini pale karibu na steji, na wateja wangu hutoka hadi Kibera. Samaki wenyewe ni changu wadogo, urefu wa kiganja, ambao Bi Mwanasiti, mama wa kisiwa kimoja ng'ambo ya Shimoni, alikuwa akinitumia ndani ya barafu. Halafu mwezi mzima hakuna kitu. Kila nikipiga simu, jibu ni moja: "Njoo ujionee." Nikafunga kibanda.

Saa mbili asubuhi nilipanda treni ya Mombasa, na jioni nikalala kwa binamu yangu Ukunda. Kesho yake boti ya mashine ilinivusha kutoka Shimoni.

Kisiwani, Bi Mwanasiti alinipokea gatini. Nilikuwa namjua kwa sauti tu.

"Sasa, mama," nikasema.

Akacheka. "Huku twaanza na shikamoo, mwanangu. Njoo ule kwanza, tutagombana baadaye."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, maji yalikuwa yamekupwa. Alinipa viatu vya plastiki tukatembea juu ya mwamba. Matumbawe yalikuwa yamevunjika kama vigae, na kila shimo limejaa wanyama weusi wa mviringo, miiba mitupu. Samaki sikuona hata mmoja.

"Hawa hutafuna mpaka mwamba," alisema. "Zamani samaki aitwaye kikande aliwavunja kwa meno akawala. Tukamvua kikande tukammaliza. Kisha wavuvi wakaja na juya, wavu wa macho madogo, wakauburuta hapa. Ukazoa hata watoto wa changu."

"Hao watoto ndio nilikuwa nakuambia uniletee."

"Nami nilikuwa nawanunua. Usijibebeshe peke yako."

Hasira iliniisha palepale, nikabaki na aibu.

Tulipopita maboya yaliyowekwa kuonyesha mpaka, mambo yakabadilika. Sehemu hiyo wanakijiji walikubaliana isivuliwe kabisa. Majani ya bahari yalikuwa yameota tena, visamaki vya rangi vikikimbia kati yake, na pweza mmoja akajivuta shimoni alipotuona.

"Nilipounga mkono pafungwe, mume wangu hakusema nami wiki nzima," Bi Mwanasiti alisema. "Sasa yeye ndiye mlinzi, na hata mimi hanipi ruhusa ya kuingia na mshipi wa kuvulia!"

Tulielewana kabla sijaondoka: atanitumia waliokomaa tu, hata wakiwa wachache.

Nairobi, kasha la kwanza lilifika na samaki wakubwa sita. Nikawakata vipande. Mama mmoja wa Nyayo Highrise, mteja wangu wa siku nyingi, akashika kiuno.

"Hii ni nini sasa? Zile ndogo ziko wapi?"

"Bado zinakua, mum."

Alionja kipande, akatafuna polepole, akasema niongeze pilipili na nimfungie viwili vya nyumbani.

Siku ambazo kasha haliji nakaanga viazi, na watu wamezoea. Nilikuwa nikidhani bahari iko mbali sana na Kawangware. Kumbe kila nilipoagiza nikiwa hapa 56, nilikuwa nikiamua ni samaki yupi kule mwambani atapata nafasi ya kukua.