Katambuga Nyuma ya Jiwe

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa boma pale Same, na nilijiona mkubwa kuliko Bwana DC mwenyewe. Nilikuwa na baiskeli, kofia, na viatu vyeusi vya ngozi kutoka duka la Mhindi. Vilinibana. Mwenye duka aliniapia kwamba ngozi italegea. Kilicholegea ni mwendo wangu.

Kwa kuendesha vilifaa. Pedeli zangu zilikuwa zimekwisha mpira, vimebaki vyuma vitupu vinavyotaka soli ngumu. Taabu ilianza nikishuka: hatua kumi tu, natembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Kwa hiyo kwenye keria nilifunga katambuga zangu, zilizokatwa kwenye tairi la lori, pana, zimeshaizoea miguu yangu. Kila nikisimama kupumzika au kusukuma baiskeli mlimani, navua viatu, navaa katambuga, roho inatulia. Sijapata kuvaa kitu kizuri kama zile, wala kukionea haya kitu kama nilivyozionea haya. Karani wa boma, katambuga za wachunga ng'ombe! Nilibadilishia nyuma ya vichaka na mawe, kama mwizi.

Kulikuwa na binti mmoja wa kijiji cha Mamba, juu milimani, niliyempenda kweli. Nilikuwa nimeshakwenda kwao mara mbili, na baba yake, mzee wa kanisa, aliniambia kwamba nikija mara ya tatu binti atanijibu mwenyewe. Nikalala kwa shangazi katika kijiji cha Kisiwani, asubuhi nikaendelea. Chini ya nyumba yao, kando ya kijito, palikuwa na jiwe kubwa. Nikajibanza hapo, nikanawa miguu, nikang'arisha viatu kwa jani kavu la mgomba, nikavivaa huku nimeuma meno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Pole na kazi ya viatu pia."

Jikoni watu wakaangua kicheko. Jiwe lilinificha kwa wapita njia tu. Juu yake mlima mzima ulikuwa na nyumba, na kila ua unatazama bondeni. Mimi Mpare, niliyekua nikichungulia wageni kutoka uani kwa mama, miaka mitatu ya tambarare ilinisahaulisha kwamba mlimani mtu huonekana kutoka juu. Walikuwa wamenitazama safari zote tatu. Siku hiyo hata majirani walialikwa.

Binti alileta chai, akaketi karibu na baba yake. Yeye hakucheka.

"Kaka, sisi wenyewe tunakwenda kanisani miguu mitupu, viatu tumebeba mkononi, tunavivaa mlangoni. Kubadilisha si kitu. Ila sisi hatujifichi. Mimi nimesoma madarasa mawili tu. Wenzako wa boma wakija nyumbani, mimi utaniweka wapi?"

"Maneno gani hayo!" nikafoka.

Akamgeukia baba yake. "Baba, mimi sitaki."

Nilishuka mlima nikimtukana moyoni. Mshamba, nikasema, ana kiburi, hajui bahati ilipo. Nilikasirika vile kwa sababu hakukosea. Asubuhi ile ile, nikisukuma baiskeli kuja kwake, nilikuwa nimeshapanga kumkataza asizungumze Chasu, lugha yetu Wapare, mbele ya makarani wenzangu.