Sponji Iliyofuliwa kwa Ajili ya Idi

Wenzangu wakisikia harufu ya sabuni ya unga, wanawaza mashuka yaliyoanikwa. Mie nawaza samaki watatu wanaohema midomo wazi.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Temeke. Baba alikuwa dereva wa lori la makontena; akipakia Kurasini, ndiyo tumemkosa siku nne, tano. Safari moja alirudi na tangi la kioo na samaki watatu wekundu. Chujio la dukani alilikataa, akasema kwa bei ile si bora anunue godoro. Akatengeneza la kwake. Alichukua chupa tupu ya maji, akaitoboa matundu kwa msumari wa moto, akaijaza kokoto, akaizungushia sponji aliyoikata kwenye godoro bovu, halafu akapitisha katikati mpira mwembamba wa pampu ya hewa. Mapovu yakipanda yanavuta maji yapite kwenye sponji, uchafu unabaki humo. Kutwa nzima lilikuwa linabwabwaja pale sebuleni, nami nafanya hesabu zangu za shule pembeni yake, raha mustarehe.

Bibi, mama yake Baba, hakulipenda lile tangi hata kidogo. Alikulia Newala, enzi ambazo maji waliyafuata bondeni na kupanda nayo kichwani, sasa kuona maji mazima yamewekwa ya kutazama tu kulimkera kwelikweli. Ila Baba akipunguza maji ya tangi na kukamulia ile sponji kwenye ndoo, Bibi aliidaka ndoo mlangoni aipeleke kwenye mchicha wake uani. Kwetu maji hayakumwagwa hovyo.

Ramadhani moja Baba akasafiri, akaniambia samaki ni wangu mpaka atakaporudi. Nilivimba kichwa, jamani, mtoto mdogo nimekabidhiwa roho tatu!

Ikafika mfungo wa ishirini na tisa. Mama alikuwa na wimbo mmoja tu, kwamba Idi isikute kitu kichafu humu ndani. Mapazia yalifuliwa, sufuria zikasuguliwa mpaka unajiona sura. Nikalitazama chujio la Baba, limeota utelezi wa kahawia, nikaona aibu. Wageni watasemaje? Nikawahamishia samaki kwenye bakuli, nikayateka maji yote ya zamani kwenye ndoo, na Bibi akaja kuichukua kama kawaida yake. Kisha nikaikamata ile sponji, nikaifua kwa sabuni ya unga mpaka ikawa nyeupe. Nikaisuuza haraka haraka, nikajaza tangi maji ya bomba, nikawarudisha wenyewe nyumbani kwao.

Hata adhuhuri haijaadhiniwa, povu limetanda juu ya maji. Samaki wamepanda juu wanahema, mmoja ameanza kulala ubavu. Nilikimbilia uani nikilia. Bahati yangu, Bibi hakumwagilia mchicha jua likiwa kali, kwa hiyo ndoo ilikuwa bado ipo kivulini, maji yake meusi kama chai ya jana. Alinisikiliza, akajifuta mikono kwenye kanga.

“Mke mwenzangu, si maji yao haya hapa?” akasema. “Walete.”

Tukawatia humo, tukatumbukiza na mpira wa pampu. Yule wa ubavu alikaa muda mrefu hatikisiki, nami nimechuchumaa namtazama. Kisha akapiga mkia.

Baba aliingia alasiri. Akaona ndoo, akaokota sponji, akainusa.

“Nani kaifua hii?”

Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Bibi alikuwa anachagua mchele, hata macho hakuinua.

“Mie,” akasema. “Niliona inanuka.”

Baba alimtazama mama yake, akatazama vidole vyangu vilivyokunjamana kwa sabuni. Akasema sawa. Akakata sponji mpya, akailoweka na kuikamua mara kadhaa kwenye maji ya ile ndoo, huku akimweleza Bibi kwa sauti ya kunifikia mie kwamba sponji haifuliwi, inakamuliwa kwenye maji yao wenyewe, kwa sababu ule utelezi una vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Bibi akaitikia kama mwanafunzi, “Haya, nimesikia.” Samaki wote watatu walikula Idi na sie.

Siku hizi nina tangi langu Kigamboni, na chujio ni lilelile la chupa. Sabuni hailisogelei. Siku ile niliona Bibi ameniokoa na fimbo tu, nikafurahi, nikaenda kucheza. Nilikuwa mtu mzima, nimefunga, nakamua sponji kwenye ndoo, ndipo iliponijia. Bibi, aliyekuwa akitukataza hata umbea mwezi mzima kwa kuwa umbea na uongo vinaharibu saumu, siku ile alikuwa amefunga. Na magharibi ilikuwa bado.