Viraka, Gari la Malaba Linalopimwa kwa Spana

Saa kumi na mbili asubuhi, Callistus Oriokot amelala chali chini ya gari lake kando ya soko la Busia, na miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Anapangusa chuma ambacho jana jioni alikipangusa mara tatu. Wanawake saba, wauzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port, wamelizunguka gari hilo wakiwa wamekunja mikono kifuani. Nyuma yao magunia kumi na tisa ya omena yameegemezwa ukutani, na hakuna hata moja lililosogezwa.

Mmoja wao, mama mwembamba wa miaka hamsini na kitu aitwaye Roselida, ameshika spana. Si yake. Ameiomba kwa Oriokot mwenyewe, na fundi huyu anajua vizuri itatumiwa kufanya nini.

Roselida akiridhika, magunia yatapanda gari hili kwenda Malaba leo na kila Ijumaa. Asiporidhika, Oriokot atarudi Malaba mikono mitupu kwa mara ya pili.

Mwandishi wa habari hizi hana budi kukiri kwamba hata yeye hakuliamini gari hilo alipoliona. Taa moja ni kubwa kuliko mwenzake. Milango ni ya mbao za mvule, paa ni bati la nyumba, na boneti imefungwa kwa mkanda wa suruali. Watu wa Busia wameliita Viraka, na kila linapopita wanasogea kando zaidi kuliko wanavyosogea kwa magari mengine.

Oriokot, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Malaba. Mwaka 1959 alivuka mpaka kwenda Uganda, akapata kazi katika gereji moja mjini Jinja. Alianza kwa kuosha vyuma, na alipoondoka mapema mwaka huu wa 1968 alikuwa fundi wa injini akilipwa shilingi mia mbili na ishirini kwa mwezi. Sitini zilikuja nyumbani kwa mkewe, Anyait. Sehemu kubwa ya zilizobaki iliishia kwenye vyuma.

Kwa miaka mitano alilijenga gari hilo nyuma ya chumba alichopanga. Chesisi, yaani zile nguzo mbili ndefu za chuma zinazobeba gari zima, aliinunua kutoka kwenye lori la Kiingereza lililopinduka. Injini ilitoka kwenye gari dogo la Kijapani lililogongwa ubavuni. Vingine aliokota, alibadilishana, au alivifua mwenyewe.

“Majirani zangu kule walikuwa wanasema huyu Mkenya anajenga kitu ya kutorokea,” anasema. “Nikifika hapa nyumbani, watu wanasema hii kitu imejengwa Uganda, itatuua. Sasa mimi ni fundi wa wapi?”

Lakini kilichomnyima usingizi ni injini. Ukitaja Japani mbele ya mfanyabiashara wa Busia, atakuhesabia tochi iliyozima baada ya wiki moja, mwavuli uliogeuka nje ndani kwa mvua ya kwanza, na saa ya shemeji yake iliyosimama siku ya harusi. Oriokot mwenyewe hakuiamini injini hiyo. Aliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi, na kila nati yake aliifungua na kuikagua mara mbili.

Ndipo akafanya kosa. Kabla ya kuondoka Jinja alichukua tupa akalifuta jina la Kijapani lililokuwa juu ya injini, ili wateja wasianze maswali. Chini ya gari, kwenye nguzo ya kulia ya chesisi, palikuwa na maneno yaliyogongwa kwamba chuma hicho kimetengenezwa Uingereza. Hayo aliyasugua hadi yakang'aa, akayaacha bila rangi ili kila anayeinama ayasome.

Mpakani Malaba, ofisa alifungua boneti, akaona alama za tupa, akaifunga tena. Gari lilizuiliwa siku mbili hadi ilipofika barua ya bosi wake wa Jinja, iliyothibitisha kwamba vyuma vyote ni halali. Kufikia wakati huo habari zilikuwa zimeshatangulia Busia kwamba linakuja gari la wizi.

Mmoja wa waliozisikia bila kuzikanusha ni Bashir, mwenye duka na lori la Kiingereza ambalo limebeba omena ya Sio Port kwa miaka mingi. “Mimi sikusema ni ya wizi,” anasema akiwa nyuma ya meza ya duka lake. “Nilisema tu, mtu na kitu yake halali, anafuta jina ya nini?” Ni swali ambalo mwandishi huyu pia alikuwa amelifikiria.

Hata hivyo wanawake wa Sio Port walikuwa wamechoka. Omena yao hufika Busia kwa baiskeli, kisha husubiri lori la Bashir liifikishe mpakani Malaba, ambako wanunuzi kutoka Tororo, Uganda, huja kuichukua. Bashir akipata mzigo wa saruji, omena inangoja. Mwezi wa Aprili ilingoja kwenye mvua, na magunia kumi na moja yakaoza. Kwa hiyo wiki tatu zilizopita walimwita Oriokot alete gari lake walione.

Walianza na injini. Oriokot aliona heri aseme mwenyewe kwamba ni ya Japani, na wanawake walicheka mpaka mmoja akalazimika kuketi. Roselida hakucheka. Aliomba kitu cha kugongea.

Mama yake Roselida alikuwa mfinyanzi, na katika nyumba hiyo hakuna chungu kilichouzwa kabla ya kugongwa kwa vidole na kusikilizwa. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa, hata usioonekana kwa macho, sauti yake inafia hapohapo. Hivyo ndivyo wanawake wa kwao wanavyonunua vyungu mpaka leo, na Roselida hakuona sababu ya kununua safari za gari kwa njia nyingine.

Aligonga injini, ikalia vizuri. Akapiga magoti, akagonga nguzo ya kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye ya kulia, karibu na yale maneno yanayong'aa, mlio ukafa.

“Hapo ni Mwingereza, mama,” Oriokot alimwambia. “Hapo hakuna shida.”

“Mimi sijauliza ni nani,” Roselida alijibu. “Nasema imepasuka.”

Fundi hakukubali. Alipaka mafuta ya taa mahali pale, akayapangusa, kisha akapakaza unga wa chaki, maana mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi nje na kuilowesha chaki. Mstari ulijitokeza polepole mbele ya watu wote, mwembamba, wenye urefu wa kidole, juu kidogo ya mahali springi inaposhikilia. Kwa mzigo wa magunia kumi na tisa, nguzo hiyo ingevunjika njiani, na huenda na watu juu.

“Niliona haya, sikudanganyi,” anasema Oriokot. “Ya Mjapani nilipima kila siku, kwa sababu sikuamini yeye. Hii nilikuwa naisugua tu ing'ae.”

Siku hiyo wanawake waliyarudisha magunia kwa Bashir. Oriokot alikwenda Malaba mwendo wa pole na gari tupu, akanunua bamba la chuma, akatoboa matundu kwa keekee ya mkono, akalifunga bamba juu ya ufa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma iliyopashwa moto. Anyait ndiye aliyevuta mivukuto. Kazi ilichukua wiki mbili na nusu, na katika muda huo hawakuingiza hata senti.

Bashir naye alionekana asubuhi moja akitambaa chini ya lori lake, ambalo ni la aina ileile ya Kiingereza, akiwa na spana mkononi. Alipoulizwa, alisema alikuwa akitafuta shilingi iliyomwanguka. Mwandishi huyu hakuambiwa kama aliipata.

Sasa Roselida anapiga magoti kwa mara ya pili. Sokoni watu wameacha kupanga bidhaa zao. Anagonga nguzo ya kushoto, inalia. Anagonga ya kulia, inalia, inalia, halafu anafika kwenye bamba na sauti inakuwa nzito. Anagonga tena. Oriokot ametoka chini ya gari na amesimama akifuta mikono ambayo haina uchafu.

“Hii mbona imebadilika?” Roselida anauliza bila kuinua kichwa.

Oriokot anamweleza kwamba hapo sasa ni vyuma viwili vilivyoshikana, na lazima mlio uwe mzito. Roselida anamwagiza alete mafuta ya taa na chaki. Wanasubiri. Chaki inabaki nyeupe, na bado wanasubiri, kwa sababu mama huyu amesema hana haraka.

Hatimaye anasimama na kukung'uta magoti. “Pandisha yangu manne,” anasema. “Haya mengine, wenyewe waamue. Mimi nakaa mbele. Ikivunjika, nitakuwa hapo kukuuliza.”

Wengine wanatazamana, kisha magunia yanaanza kusogea, moja moja. Mwenzao mmoja anayaacha mawili yake ukutani yamsubiri Bashir, na hakuna anayemlaumu. Kumi na saba yanapanda. Mwandishi huyu naye, alipokaribishwa kupanda nyuma, aliomba kwanza spana. Alipewa, na watu walimcheka, lakini aligonga.

Maili kama kumi na nane hadi Malaba zilikwisha bila mkasa, ingawa kwenye kila shimo abiria wote walinyamaza kusikiliza. Mpakani, ofisa yuleyule alifungua boneti, akatazama, akaifunga.

Magunia yanaposhushwa, Oriokot anasema mpango wake ni kujenga gari la pili, na safari hii hapahapa Malaba, nyumbani. Chuma chochote kitakachoingia, kiwe kimetoka wapi, kitagongwa kwanza. Yale maneno ya Uingereza ameshayapaka rangi nyeusi kama sehemu nyingine zote za chesisi.

Anaulizwa ataandika jina gani mahali ambapo wenye viwanda huandika yao.

“Oriokot, Malaba,” anasema. “Likiharibika, watu wajue nyumba ya kuja.”

Roselida anahesabu magunia yake manne kwa mara ya tatu na haonekani kama anasikiliza. Lakini anamnyoshea fundi spana yake, kisha anabadili nia, anaitia kwenye kikapu chake.

“Andika tu,” anamwambia. “Hata jina hilo tutaligonga.”