Kilio cha Mazoezi

Kwaya ya kigango chetu, huku Murusagamba, ilikuwa na nafasi moja ya kugombaniwa: kuanzisha wimbo wa sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa kigango. Mwaka mzima nilijipa nafasi hiyo moyoni. Sauti ninayo, na aliyebisha nilimnunia.

Mwalimu wa kwaya, aliyehamia kwetu kutoka Dodoma, hakuona hivyo.

"Mnaimba kama mnasoma matangazo," alituambia Jumamosi moja mchana. "Sauti ya mtu ina vyumba vingi, ninyi mmekaa sebuleni tu. Leo atakayenipa sauti zote ndiye atakayeanzisha wimbo."

Alitaka tucheke, tubembeleze mtoto, tugombe. Kwenye kugomba nilimwiga mama anavyofukuza mbuzi kwenye maharage, wenzangu hoi. Mwisho akasema, "Sasa mlilieni marehemu."

Sisi wenyeji tulitazamana. Kwetu kilio kikisikika mlimani, majembe yanaachwa shambani na watu wanakuja. Mwalimu hakulijua hilo, na mimi niliyelijua sikumwambia, maana niliutaka ule wimbo. Nikafumba macho, nikamkumbuka bibi, nikaachia.

Nililia vizuri, tena kwa muda mrefu, jamani! Wanakwaya wawili walitokwa na machozi ya kweli. Nilipofumbua macho, nje ya mlango uwanja wa kanisa ulikuwa unajaa watu. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, bodaboda imepakia wazee wawili, na mmoja wao amekumbatia mkungu wa ndizi wa msibani.

"Nani katutoka?" akauliza.

Mwalimu akatugeukia sisi, haelewi ni msiba gani.

Hapo nikasikia jina langu likipanda kutoka bondeni. Alikuwa mama. Alikuwa akipalilia, akaitambua sauti yangu. Jina hilo ameniita tangu nazaliwa, lakini sikuwahi kulisikia hivyo. Lilikuwa linauliza, linaomba na linanigombeza kwa pamoja. Niliona aibu. Nikatoka mbio mlangoni, na aliponiona mzima, jina likakatikia katikati, kikafuata kigelegele. Kisha akanifikia, akanizaba kofi la mgongo.

"Wewe mtoto wewe! Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Tulikuwa mazoezini."

"Mazoezi ya kufa?"

Watu waliangua kicheko. Mzee wa mkungu akasema ndizi zake hazirudi nyumbani, zikapikwa pale pale. Mwalimu peke yake hakucheka. Alimsogelea mama taratibu.

"Shikamoo, mama. Unaimba kwaya gani?"

"Marahaba. Kwaya? Mimi huwa naimbia mbuzi."

Basi, wimbo niliousubiri mwaka mzima akapewa mama yangu. Nilinuna siku tatu. Hajui noti hata moja, na ilibidi mimi ndiye nimfundishe maneno, jioni, tukichambua maharage. Siku ya tatu alipokosea ubeti tukacheka wote wawili, na kununa kukaniishia.

Siku ya sikukuu alisimama mbele, amevaa kitenge changu kipya ambacho hakuniomba. Mimi nilikuwa safu ya nyuma kabisa. Mwalimu akainua mkono, mama hakuanza. Nikadhani ameyasahau maneno, nikaanza kumnong'oneza kutoka kule nyuma.

Kumbe alikuwa ananitafuta. Alipitisha macho safu kwa safu mpaka akaniona nimesimama, mzima. Ndipo akaimba.