Rufaa ya Makumbi

Niliporudi Pemba kutoka chuo kikuu huko bara, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, na mimi sikuweza kukaa kitako. Nilipewa kazi ya kusomesha Chake Chake, nikapanga chumba Tibirinzi, lakini kila Alkhamisi baada ya skuli nilikuwa juu ya baiskeli naelekea kaskazini, kijijini kwetu, si mbali na Tumbe. Si kwamba kijijini kulikuwa na jipya. Nilikuwa sipapendi mahali nilipo, popote nilipokuwa.

Chuoni mwalimu mmoja alituchorea nyumba ubaoni. Nyumba ile ilikuwa na nguzo tatu. Moja hutunga sheria, ya pili huitekeleza, ya tatu huhukumu. Nguzo haishiki kazi ya mwenzake, alisema, kwa sababu mtu mwenye nyama, kisu na mizani, hata awe mwema vipi, ataishia kujipimia. Kisha akachora nyumba ya pili juu ya ile ya kwanza. Nchi za shirikisho ndivyo zilivyo: serikali za majimbo chini, serikali kuu juu, kila moja na nguzo zake tatu, na mpaka baina yao umeandikwa. Wenzangu wakanakili. Mimi nikauliza Zanzibar ni nyumba ipi kati ya hizo. Akafikiri kidogo, akasema Zanzibar iko chini ya ulinzi wa Mwingereza, na nchi za namna hiyo ni somo la mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ulifika, na somo lile halikufundishwa.

Basi nilirudi na swali langu kifuani, na Alkhamisi moja nikalikuta limeketi barazani kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mwanamke aliyeachwa zamani na asiyetaka kuolewa tena. Aliishi peke yake katika kibanda cha udongo, akila jasho lake, na jasho lake lilikuwa kamba. Pwani, pale matope yanapoanza, alikuwa na shimo alilofukia makumbi ya nazi na kuyakandamiza kwa mawe. Maji yakijaa yanayafunika, yakitoka yanayaacha, na baada ya miezi kumbi linalainika, likipigwa kwa gongo linatoa usumba mweupe wa kusokotwa. Likifukuliwa kabla ya wakati wake halitoi kitu, ni kuni mbichi. Makumbi ya mwaka ule aliyafukia Mfungo Mosi, mara baada ya Idi, na aliyatarajia Mfungo Saba. Tulikuwa Mfungo Tatu.

Sheha, mkubwa wa kijiji, alikuwa amekaa barazani, kofia gotini, akijifuta jasho. Alikuwa ameleta amri ya Mudir, mkuu wa serikali katika mudiria yetu: mashimo yote ya makumbi yaliyo karibu na bandari yafukuliwe, kwa sababu ya harufu na mbu. Muda uliowekwa ulikuwa umepita, shangazi hakufukua, na sasa ameitwa mahakamani.

"Amri hii kaitunga nani?" nikamuuliza.

"Serikali."

"Serikali ipi? Ya Seyyid au ya Waingereza?"

"Mwanangu, mie naona bendera nyekundu juu na Mzungu chini yake. Weye uliyesoma ndiye wa kunambia."

"Sheha, hukuuliza?"

"Mie ni mfereji. Maji yakitoka juu, nayapitisha chini."

"Na ya chini yapande vipi juu?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Umeona wapi maji yakipanda kilima? Bi mkubwa, huyu mtoto mmemsomesha au mmemroga?"

Shangazi hakucheka. Alikuwa anasokota, kamba ikimtoka pajani kama uzi unavyomtoka buibui. "Makumbi yakifukuliwa sasa," akasema, "mwaka huu sina kamba. Nisipokuwa na kamba ntahamia kwa baba yako. Nile sahani ya mke wa mtu, nimuombe na chumvi." Alisema hivyo bila ya kuinua macho. Baba alikuwa tayari kumpokea, na mama angempa chumvi bila ya neno, lakini nilijua kuwa siku shangazi atakapofunga mlango wa kibanda kile, atakuwa amefunga kila kitu.

Nikamuuliza kama amekwenda kumwona Mudir. Kwetu ndivyo inavyofanywa: kabla ya mahakama mtu humwendea mkubwa nyumbani kwake, akamsalimia, akamweleza haja yake kiutu. Akasema amekwenda. Mudir, mtu wa ukoo wa Kiarabu wenye mikarafuu mingi na adabu nyingi zaidi, alimkaribisha kahawa, akamsikiliza, akasema angependa kumsaidia ila amri imekwishatiwa saini na Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza.

Jumamosi, badala ya kulala mchana kama walimu wenzangu, nilikwenda ofisi ya DC Chake. Sikuvuka meza ya karani. Karani alinambia kwa upole kuwa Bwana DC hatungi amri za vijiji, hutia saini zile anazopendekezewa na Mudir. Mudir hawezi kuiondoa kwa sababu DC amesaini. DC amesaini kwa sababu Mudir amependekeza. Nilitoka pale nikatembea mpaka sokoni na kurudi, na tena mpaka sokoni, nikitafuta mtu mmoja katika kisiwa chote ambaye angesema: ndiyo, amri hii ni yangu.

Siku ya mahakama niliomba ruhusa skuli. Mahakama ya Mudir ilikuwa chumba kile kile cha ofisi yake. Asubuhi, akiandika vibali na kusikiliza masheha, alikuwa na kofia ya kiua. Karani akagonga kengele ndogo, akamletea kilemba, Mudir akavua kofia, akavaa kilemba, na pale pale kwenye kiti kile kile akawa hakimu. Watu wa benchi la nyuma hawakuona ajabu. Ndivyo walivyomzoea: mwenye haja na serikali hufika kabla ya kengele, mwenye kesi hufika baada yake.

Askari akasoma shitaka. Mudir akamtazama shangazi.

"Bi mkubwa, unakubali?"

Nikasimama. "Bwana Mudir, naomba kusema."

"Weye ni wakili?"

"Ni mtoto wa kaka yake."

"Mawakili hawaingii humu. Watoto wa kaka wanaingia. Sema."

"Nataka kujua nani anashitaki."

"Askari keshasoma. Mudir."

"Na hakimu nani?"

"Hakimu ni mimi."

Benchi la nyuma likaanza kutikisika. Mzee mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Mkamate huyu kabla hajauliza nani mfungwa."

Mudir hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. "Kijana," akasema, "unafikiri mie sijui ninachokifanya? Nilipotoa amri nilisikia malalamiko ya watu wa bandarini. Leo namsikiliza bibi. Nyote mngetaka niwe watu wawili, na serikali hailipi mishahara miwili kwa mudiria hii."

"Kwa hivyo ni suala la mshahara?"

"Ni suala la watu wangapi wanajua kusoma. Nikuulize na mie. Ukiwa weye hakimu, utahukumu bila ya kumjua bibi huyu? Shangazi yako?"

"Ningekaa pembeni."

"Basi kesi isingesikilizwa, kwa sababu kijiji hiki kizima ni ndugu." Benchi likanicheka, yule mzee aliyesema kabla akiwa wa kwanza. Mudir akageukia kazi. Akaandika, akasoma: shangazi ana kosa, alipe faini ndogo, na makumbi yafukuliwe kabla ya Ijumaa ijayo.

Nikasema tunakata rufaa.

Shangazi akageuza shingo. "Rufaa ndiyo nini?"

"Kesi inapanda juu," nikamwambia. "Chake, na kutoka Chake Unguja, Mahakama Kuu. Huko waamuzi si watunga amri."

"Na makumbi?"

Nikamtazama Mudir, naye, lazima niseme, alijibu kwa haki. "Rufaa ikipokewa, amri ya kufukua inangoja. Na faini inangoja."

"Inangoja mpaka lini?"

"Mpaka walio juu wasome, bi mkubwa. Wasomapo."

Shangazi akatoa kidole gumba, akamnyooshea karani apake wino. Hakuuliza juu ya hakimu na mtunga amri. Alikuwa amepata jambo moja tu katika maneno yetu yote, na hilo lilimtosha.

Niliiandika rufaa ile kwa hasira na furaha pamoja. Niliandika juu ya nguzo tatu. Niliandika kwamba mtu hawezi kuwa mlalamikaji na mwamuzi kwa kubadili vazi la kichwa. Chake, kesi ilimfikia Bwana DC, ambaye kwa saa fulani za wiki alikuwa naye hakimu, na nilipomwonyesha saini yake mwenyewe chini ya amri aliyotakiwa kuihukumu, alivua miwani, akaipangusa muda mrefu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hili zuri waamue Unguja." Nadhani alifarijika. Faili likafungwa kwa uzi, likapanda meli.

Kisha kukawa kimya. Sijapata kuteseka kwa kimya kama kile. Kila meli ya barua nilikwenda kuuliza. Nilijaribu kuwaza faili linapita wapi: kwa msajili, kwa jaji, labda kwa mwanasheria wa serikali anayefika kila siku ofisini kwa Balozi wa Kiingereza, labda juu ya meza za watu wanaokaa katika Baraza la Kutunga Sheria, ambako hakuna hata mmoja aliyepata kuchaguliwa na msokota kamba. Nilijiuliza: na hao wa Unguja wana wa juu yao London, na London, je, kuna anayejua kumbi? Palikuwa na nyumba juu ya nyumba kweli, kama ubaoni, ila hakuna aliyeandika mpaka wa kila moja. Mtu wa juu alikuwa na neno katika kila chumba cha chini, mpaka chenye harufu ya makumbi.

Shangazi, kila nilipofika, aliniuliza jambo moja.

"Wamejibu?"

"Bado, shangazi. Nakusudia kuwaandikia kuwakumbusha."

"Usiwaandikie."

"Haki iliyochelewa..."

"Usiwasumbue watu na kazi zao. Waache wasome vizuri."

Nikawaandikia. Hakujua, wala barua ile haikuharakisha kitu.

Mfungo Saba ulipofika, alifukua. Nilikuwapo. Harufu ilikuwa kama ilivyoelezwa katika shitaka. Hapo Mudir hakusema uongo. Wanawake walikaa kwenye mchanga wakapiga makumbi kwa magongo, na usumba ukatoka mweupe, mrefu, shangazi akiushika kwenye mwanga na kuuvuta. Alisokota wiki nyingi. Kibanda kilijaa koja za kamba mpaka kwenye dari, na habari ya kuhamia kwa baba haikutajwa tena.

Jibu lilikuja baada ya hapo, Mudir akaniita nilisome ofisini. Alikuwa na kofia ya kiua. Jaji, kabla ya kuamua, alikuwa ameuliza hali ya shimo. Mudir akajibu kwa ukweli kuwa limekwishafukuliwa na mwenyewe. Na jaji akaandika mistari michache kwamba, makumbi yakiwa yameondoka, mahakama haina cha kuamua, na faini isitozwe.

"Hakusema neno juu ya swali langu," nikamwambia Mudir.

"Lipi?"

"Kama mtu anaweza kuwa yote mawili."

"Makumbi hayakumuuliza hilo," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayechagua: "Nami ningependa kujua."

Nikaichukua nakala mpaka kwa shangazi. Nilikuwa nimepanga yote njiani: amri ya Mudir bado ipo, haikufutwa, kwa hiyo afukie upya pale pale, ashitakiwe upya, na safari hii tusiache shimo tupu mpaka waseme. Nilimweleza nikizunguka ua, sikuweza kukaa.

"Weka gumba hapa tu," nikasema, "mengine ntaandika mie."

Alikuwa anapanga makumbi mapya kwenye pakacha. "Nnafukia ng'ambo ya mto mwaka huu," akasema. "Kule ni mudiria nyengine. Mudir wa kule hana amri ya makumbi."

"Harufu itakuja huku huku, shangazi. Upepo haujui mudiria."

"Upepo haushitakiwi."

"Na wanawake wengine wa hapa? Waliofukua kwa kuogopa?"

Wengine walifukua mapema, kweli, na mmoja alikuwa amekwishahamia kwa mkwewe. Shangazi alilijua hilo kuliko mimi. Alifunga pakacha, akalikaza kwa kamba yake mwenyewe.

"Kamuulize mmoja wao kama atakupa gumba," akasema. "Langu limo kazini."

Nikatoka na karatasi zangu kwenda kwa yule aliyehamia kwa mkwewe. Mwanamke yule alikuja mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akatazama nyuma ndani ya nyumba isiyo yake, akaniuliza kwanza, kwa sauti ya chini, itachukua muda gani, na kama muda huo utatosha kumbi kulainika.