Msiba wa Jino

Daktari wa meno alichungulia mdomo wangu, akatikisa kichwa, kisha akanifunga mkono kwa mashine ya presha. Mashine ilipomaliza kubana akatikisa kichwa tena, safari hii taratibu zaidi. Jino haling'olewi, akasema, mpaka presha ishuke. Nikamwambia presha imepandishwa na jino. Akasema anaelewa, ila damu inaweza kugoma kukata. Nikamwambia basi ang'oe jino ili presha ishuke ili ang'oe jino. Alikuwa kijana mpole, rika la kitinda mimba wangu. Akanipa vidonge na maagizo: nipunguze chumvi, nilale mapema, nitembee kila asubuhi kwa mwendo wa haraka mpaka jasho linitoke, na nisikasirike.

Kumwambia mwenye jino asikasirike ni sawa na kumwambia mwenye upele asijikune. Tena mimi hata nikiwa na meno mazima si mtu wa kunyamaza. Nauza mchele wa Ubaruku hapa Mbeya, na mteja anayeuchambua kwa kidole kama anatafuta chawa huwa namwambia anachostahili kuambiwa. Babu yangu alikuja huku akitokea pwani, na watu wa pwani wanasifiwa upole. Nadhani wa kwake aliusahau njiani, maeneo ya Morogoro.

Lakini niliogopa. Mama yangu alianza hivi hivi, presha ambayo yeye aliiita kichwa tu, mpaka asubuhi moja aliamka upande mmoja wa mwili haumsikii. Nilimlisha uji kwa kijiko hadi alipotutoka. Sikutaka kulishwa uji. Kwanza wanangu hawajui kuupika, wanaacha mabonge.

Basi chumvi nikaipunguza jioni ile ile, na mume wangu akaanza kula akiwa amevaa koti, kwa sababu ya kwake alikuwa ameificha mfukoni. Kulipokucha nikatoka kutembea. Ilikuwa Juni, na baridi ya Mbeya ya mwezi huo ikikuta jino bovu hufurahi sana. Nikajifunga kitenge kiunoni, nikajitanda kanga kichwani hadi puani, kiganja nikakibandika shavuni ili jino lipate joto. Sikubeba kikapu wala pochi. Nikaanza kupanda mlima.

Kwenye kona ya kwanza kuna nyumba ya jirani yangu, mama wa Kisafwa anayelima viazi huko juu. Tulikuwa hatusalimiani tangu Ramadhani. Mbuzi wake aliingia uani kwangu akala mchele niliouanika, nami nikasema maneno kuhusu mbuzi, kisha kuhusu mwenye mbuzi. Yeye akajibu kwamba mbuzi wake alirudi akitema mawe. Hilo la mawe ndilo lililoniuma.

Asubuhi ile alikuwa nje anapanga viazi kwenye ndoo. Aliponiona akasimama wima.

"Ndaga, mama," akanisalimu kwa sauti ya chini. "Pole sana."

Nilishangaa habari za jino zimemfikiaje, ila nikaitikia kwa kichwa tu, maana kufungua mdomo ni kuingiza baridi. Akajifunga kitenge, akajitwisha ndoo ya viazi, akaanza kunifuata. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Mbele kidogo tukakutana na wanawake wawili wanaoteremka na mizigo ya kuni. Wakanong'onezana na jirani, wakageuza. Akaja mwingine na unga kwenye beseni. Nilipofika juu nikageuka kurudi, na wote wakageuka. Nikajua wanakwenda sokoni. Mmoja akaniwekea mkono mgongoni na kunipapasa taratibu, nikamwona ana mazoea ya haraka, lakini jasho lilikuwa limeanza kutoka kama daktari alivyotaka, sikutaka kusimama kugombana.

Njia panda ya sokoni tuliipita, na hakuna aliyekata kona. Tulipoingia kwenye kichochoro cha kwangu, nyuma yangu kikapasuka kilio kinene cha mtu aliyezoea kazi hiyo.

Hapo ndipo nilipojitazama. Mwanamke mtu mzima, alfajiri, mwendo wa haraka, mikono mitupu, kanga hadi puani, tena ameshika tama. Kwetu mtu wa namna hiyo haulizwi kitu. Anasindikizwa kwake, na anayemsindikiza haendi mikono mitupu.

Mume wangu alikuwa barazani na kikombe cha chai, mdomo umejaa andazi. Kilio kikakatika katikati. Jirani akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala.

"Shemeji," akasema, "kumbe si wewe?"

"Si mimi nini?"

"Marehemu."

Akalimeza andazi kwanza. "Labda kesho, shemeji. Leo bado nakunywa chai."

Nikafunua mdomo, nikawaonyesha jino kwa kidole. Wakapita mmoja mmoja, wanainama, wanatazama, wanasogea, vile vile wanavyopita kumuaga maiti. Yule wa unga alitoa machozi ya kweli, ya kucheka. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu wa Iringa, analia, amepigiwa na mtu wa sokoni, yuko kwenye basi linalotoka stendi. Mume wangu akaipokea yeye.

"Shemeji amefariki saa ngapi?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiye anayeongea," akajibu. "Ila njoo tu, umeshalipa nauli."

Nikawaomba radhi wale kina mama na kuwaambia wachukue mizigo yao. Wakanitazama kama nimetukana. Kilichopelekwa msibani hakirudishwi nyumbani, ukikirudisha unakwenda na msiba wako. Kwa hiyo kuni zikawashwa na viazi vikamenywa, mimi nikatoa mchele, na tulikula matanga ya jino mpaka mchana. Mdogo wangu alifika macho yamevimba, akamkumbatia shemeji yake, halafu akanisema mimi kwa nusu saa.

Jirani ndiye aliyebaki kuosha sufuria. Nikamuuliza kilichokuwa kinanikera tangu asubuhi: mbona alikuja, na sisi hatusalimiani?

"Msiba haununiwi, mama. Ningekununia tena tukishazika."

"Na sasa kwa kuwa hakuna msiba?"

Akafikiri huku anasugua sufuria. "Sasa ugomvi wetu uko palepale."

Kesho yake alinisubiri kwenye kona. "Twende," akasema, "usije ukawaliza watu tena. Ila mbuzi wangu hakukosea." Nikamjibu. Akanijibu. Tukapanda mlima tunagombana, na nikagundua kwamba ugomvi wa mlimani una shida moja: pumzi. Ukifika kwenye mikaratusi unachagua, ama utukane ama upande. Ikawa kila asubuhi natua mizigo yangu yote huko juu: mbuzi, mawe, madalali wa Rujewa, wanangu wasiopiga simu. Nikifika sokoni, mteja anachambua mchele kwa kidole na mimi namtazama tu. Baadhi ya wateja waliulizana kama naumwa.

Niliporudi kwa daktari, jirani alikuja nami, akasimama mlangoni, kanga yangu ya akiba mkononi. Niliitazama ile mashine inavyobana nikamkumbuka mama na kijiko chake. Daktari akasoma, akasoma tena, akatabasamu. Imeshuka, akasema, jino linatoka leo. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia vidonge, chumvi, kutembea.

"Na hasira je?"

Kabla sijafungua mdomo, jirani akajibu toka mlangoni. "Hizo ananiachia mimi kila asubuhi, daktari. Nashuka nazo."

Nilitaka kumjibu, lakini sindano ya ganzi ikawahi. Jino lilitoka. Nikajazwa pamba, nikaambiwa niiume vizuri na nisizungumze mpaka jioni. Jirani alisikia agizo hilo vizuri sana. Akanitanda kanga begani, akanishika mkono, na njia nzima hadi nyumbani aliusema mchele wangu, punje kwa punje, na mawe yake yote.