Mkono wa Mama Rula

Walimwita Mama Rula tangu alipoanza ualimu, maana alikuwa akichora mstari ubaoni kwa mkono mtupu na ukanyooka hata ukaudhi. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi mkono wa kulia unamtetemeka, chaki inarukaruka, na mwalimu mkuu keshapitisha neno: kuanzia wiki ijayo darasa lake la hesabu apewe mwingine, yeye akatunze stoo ya vitabu.

Stoo! Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa, leo akafukuzane na panya!

"Njoo kwanza unione nikifundisha," alimwambia mkuu. "Ukishaona, ndipo useme."

Mkuu akaja, akakaa nyuma. Somo lilikuwa makutano ya mistari. Mama Rula akaandika milinganyo miwili: 2x + y = 8 na x − y = 1, akaanza kuchora. Lo! Siku hiyo mkono ulikuwa umeamua kumwaibisha. Mistari ikapinda, ikakutana mahali sipo kabisa. Kicheko kikapita madawatini. Machozi yakamlenga, akayameza, hasira ikampanda.

"Chekeni. Mkimaliza, tuendelee."

"Mama," mkuu akasema kwa ule upole wa kuudhi, "mchoro umekukataa."

"Mchoro umenikataa, hesabu haijanikataa!" Akaligeukia darasa. "Mstari wa kwanza. x ikiwa sifuri?"

"y ni nane!"

"y ikiwa sifuri?"

"x ni nne!"

"Basi hapo ndipo unapokata mihimili. Wa pili je?"

Wakamjibu: kwenye y ni hasi moja, kwenye x ni moja.

"Sasa jumlisheni milinganyo yote miwili, y ijifie. 3x ni tisa, kwa hiyo x ni tatu. Irudisheni kwenye wa pili."

"y ni mbili!" Darasa zima, hata wale wacheshi wa nyuma.

Mkuu akakohoa. "Sawa, mama. Lakini mtihani unataka na grafu. Nani atawachorea?"

"Wewe."

Akamnyooshea chaki. Mkuu, ambaye miaka yote alikuwa mwalimu wa historia, angekimbilia wapi mbele ya watoto? Akafuta ubao, akachora mihimili yake miwili, mizuri kwelikweli. Kisha akasimama, akajikuna kichwa.

"Nianzie wapi?" akanong'ona.

"Nukta moja kwenye nane ya y, nyingine kwenye nne ya x, uziunganishe," Mama Rula akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Na stoo uitafutie mtu mwingine. Darasa hili siliachi."